Farasi Ametoka Uwanjani: Je, Nasi Tutaingia?

Mtoto wa Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, hahitaji kuhimizwa kukimbia. Asubuhi hukimbia kuwahi shule, jioni huufukuza mpira, na kati ya hayo huruka mitaro na kupanda miti bila ya kufundishwa na mtu. Lakini umwulize habari za mchezo uitwao pentatloni ya kisasa, naye atatikisa kichwa. Wala si ajabu, kwani hata baba yake hana habari nao. Yafaa basi tuueleze, maana ndani yake mna fundisho linalotuhusu sisi wakazi wa kando ya ziwa.

Neno pentatloni asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mashindano matano. Hadi Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mtu mmoja alipaswa kupigana kwa upanga mwembamba, kuogelea mita 200, kuruka viunzi akiwa juu ya farasi, na mwisho kukimbia mita 3,000 huku akisimama mara kwa mara kulenga shabaha kwa bastola. Alama za mashindano ya mwanzo huamua nani ataanza mbio mbele na nani nyuma. Baada ya hapo hapana hesabu tena: atakayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi.

Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki na Mfaransa Pierre de Coubertin, na ulichezwa kwa mara ya kwanza mjini Stockholm mwaka 1912. Ulitungwa kwa kumfikiria ofisa wa jeshi la farasi aliyejikuta katika nchi ya adui, ambaye hana budi kupanda farasi asiyemjua, kupigana, kuogelea na kukimbia ili aokoke. Kwa hiyo ulikuwa mchezo wa maofisa. Aliyeshika nafasi ya tano mwaka ule alikuwa Luteni George Patton wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa jemadari mashuhuri wa Vita Kuu ya Pili. Mfanyakazi wa kiwandani angempata wapi farasi? Na upanga angefundishwa na nani?

Ilipita miaka 40 kabla ya mlango huo kufunguka. Huko Helsinki mwaka 1952, Lars Hall wa Sweden, ambaye kazi yake ilikuwa useremala, alikuwa mtu wa kwanza asiye askari kuinyakua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Na ili pasiwepo wa kusema kuwa alibahatisha, aliishinda tena huko Melbourne mwaka 1956. Wanawake nao waliongoja zaidi, hata wakaingia mwaka 2000 huko Sydney.

Afrika ilingoja kuliko wote. Katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Ahmed Elgendy wa Misri alipata medali ya fedha, ya kwanza kwa bara letu katika mchezo huu. Tarehe 10 Agosti, 2024, katika viwanja vya Versailles, kwenye jumba la wafalme wa zamani wa Ufaransa, kijana huyo mwenye umri wa miaka 24 alijipatia dhahabu kwa alama 1,555, ambazo ziliweka rekodi ya dunia. Nyuma yake walikuja Taishu Sato wa Japani na Giorgio Malan wa Italia.

Siku hiyo ilikuwa pia miongoni mwa siku za mwisho za farasi. Tangu zamani mchezaji alipewa farasi kwa kura, akaruhusiwa dakika 20 tu za kuzoeana naye. Huko Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa akiongoza, lakini farasi wake akakataa katakata kuruka; na mwalimu wake alionekana akimpiga mnyama yule ngumi. Ulimwengu ulichukizwa. Mwishowe iliamuliwa kwamba katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 mahali pa farasi patachukuliwa na mbio za kuvuka vikwazo, yaani kuparamia, kuning'inia na kuruka.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye neno letu. Aliyekuwa mlinzi wa mlango ule, farasi wa gharama kubwa, ameondoka. Bastola nayo siku hizi haitoi risasi bali mwali wa leza. Upanga bado wataka fedha na mwalimu, jambo hilo hatulifichi. Lakini kuparamia na kukimbia watoto wetu wanakujua. Kumebaki kuogelea, na aibu ni kwamba hapo ndipo tunapopungukiwa, ilhali Ziwa Victoria liko mbele ya macho yetu.

Katika Michezo ya Paris, Tanzania ilipeleka wanamichezo saba: wakimbiaji wanne wa marathoni, waogeleaji wawili na mwanajudo mmoja. Medali zetu zote za Olimpiki ni mbili, za fedha, walizozileta Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980, na zote zilitokana na mbio.

Hata hivyo, kuogelea si jambo la medali tu. Hakuna nyumba katika Bukoba na Muleba isiyoijua tarehe 21 Mei, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya ndugu zetu. Hatusemi kwamba ujuzi wa kuogelea ungewaokoa watu waliofungiwa ndani ya chuma. Twasema tu kwamba watu ambao maji ni njia yao, soko lao na shamba lao la samaki, hawana haki ya kuwalea watoto wanaoyaogopa maji.

Shule na wazazi wakishirikiana na wavuvi wanaoyajua maji, waweza kutenga sehemu ya ufuko iliyo salama na kuweka waangalizi. Kazi hiyo haihitaji jumba la kifalme. Huenda mtoto mmoja kati ya elfu akafika Olimpiki. Lakini wale 999 waliobaki watarudi nyumbani salama siku mtumbwi utakapopinduka. Samaki mkunje angali mbichi, na watu wa ziwani tusingojee kukumbushwa methali hiyo na watu wa bara.