Kukodi gari Casablanca: tuliyoyakuta barabarani, na hela iliyozuiwa siku 19

Kila timu zetu zikipangiwa Waarabu wa Morocco napata swali lile lile: nikifika Casablanca nikodi gari au niachane nalo? Leo nimeona niandike yote mara moja, halafu kila mtu ataamua mwenyewe. Mimi nilishaliwa kidogo, kwa hiyo naongea kwa uchungu.

Nilikwenda Aprili 2023, tukiwa watatu, kuangalia Simba ikirudiana na Wydad, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar tulishinda 1-0, kule wakashinda wao 1-0, zikaja penalti, wakatutoa 4-3. Sitaki kuongea zaidi (na nyie watani wa Jangwani naomba mtulie). Mechi ilikuwa Ijumaa tarehe 28 na ndege yetu ya kurudi ilikuwa Jumanne, tukabaki na siku tatu na majonzi. Ndipo mshkaji mmoja akasema, kuliko kulala hotelini tukilia, tukodi gari tuuone mji.

Kwanza niwaambie mji wenyewe. Kwa Kiarabu unaitwa Dar el Beida, yaani Nyumba Nyeupe. Ndiyo, ni "Dar" ile ile ya kwetu. Casablanca si makao makuu, makao makuu ni Rabat, kama kilomita 90 kwa kaskazini. Ila ndio mji mkubwa kuliko yote Morocco, una watu zaidi ya milioni tatu, na ndiko kuliko na bandari, mabenki na foleni. Wale mnaoijua kwa ile filamu maarufu ya 1942, mjue ile ilipigwa Marekani, studio, hakuna hata mtaa mmoja wa Casablanca mle ndani. Mtu akaja kufungua Rick's Café ya kweli mwaka 2004, basi wageni wanapiga picha pale wakidhani ndipo penyewe.

Sasa gari. Tulipata Dacia Logan, dirham 300 kwa siku, na dirham 10 wakati ule zilikuwa kama dola moja. Hizo Dacia utaziona kila kona, kwa sababu zinaunganishwa hapo hapo Casablanca, kiwanda cha Somaca, tangu 2005, na Tangier kuna kiwanda kikubwa zaidi kilichofunguliwa 2012. Spea zipo kila mahali, kwa hiyo mwenye gari halii. Walitaka pasipoti, leseni, na kile kibali cha kimataifa cha udereva. Hicho kibali kikate nyumbani kabla ya safari, maana leseni yetu peke yake itakufanya uanze kujieleza kwa trafiki ambaye anaongea Kifaransa na Kiarabu cha kwao basi. Makampuni mengi yanataka pia uwe umefikisha miaka 21 au 23, na leseni isiwe ya juzi.

Halafu ikaja ishu ya dhamana, na hapa naomba msome polepole.

Ukikodi gari kampuni inataka uhakika kwamba ukiligonga kuna pesa. Gari lina bima, lakini bima ile hailipi tangu senti ya kwanza. Kuna kiasi ambacho ni juu yako wewe mkodishwaji, hata kama kosa si lako na aliyekugonga hajulikani. Kiasi hicho ndicho wanachokizuia kwenye kadi. Kwetu ilikuwa dirham 10,000, yaani zaidi ya milioni mbili na laki tatu za kwetu kwa wakati ule. Ukiwa na kadi ya mkopo, benki inapunguza tu kiwango chako cha kukopa, hela yako mfukoni haiguswi. Ukiwa na kadi ya kawaida kama yangu, ile inayochota kwenye akaunti, hela inafungwa kweli kweli. Inaonekana ipo lakini huwezi kuitoa. Wengi wetu Bongo hatuna kadi za mkopo, kwa hiyo tunaingia kwenye mtego huu tukidhani ni utaratibu tu wa karatasi.

Na hela ile haikuwa yangu yote. Katika akaunti kulikuwa na milioni moja na nusu ya mama, aliniwekea niinunulie bati nikirudi, nyumba ya Muheza paa lilikuwa limeoza upande wa jikoni na masika ilishaanza. Nikajisemea siku tatu tu, gari narudisha, hela inarudi. Nikaingiza namba ya siri.

Aliyetuokoa kwa mengine ni Mkongo mmoja wa Bukavu anayesoma chuo pale Casablanca, tulimpata uwanjani akitushangilia kwa sababu ya Kiswahili. Alikuja nasi kututafsiria. Nikashika kalamu, akanishika mkono: "Yaya, usisaini kwanza. Piga gari picha." Yaya kwao ni kaka. Kwenye mkataba kuna mchoro wa gari, yule karani alikuwa ameweka alama moja tu, mkwaruzo wa mlango. Mkongo akatuzungusha na simu, tukachukua video: bampa mbele na nyuma, rimu zote nne, kioo cha mbele, paa, tairi la spea, mpaka kisahani cha mafuta na kilomita. Rimu ya nyuma kulia ilikuwa imekwanguliwa. Karani akasema hiyo si kitu. Mkongo akasema kama si kitu basi iandike. Hakuandika, alicheka tu, akasema watu wanangoja. Video tulikuwa nayo.

Barabarani sasa. Wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Hilo kila mtu analijua. Ambalo hatukulifikiria ni kwamba magari ya bei nafuu karibu yote ni ya gia ya mkono, na sisi vijana wa Dar tumezoea IST na Vitz za otomatiki. Kwa hiyo unajifunza vitu viwili kwa mpigo: klachi, na kuingiza gia kwa mkono wa kulia wakati mwili mzima unataka kushoto. Saa la kwanza nilikuwa nikitaka kubadili gia napiga mlango kwa kiwiko. Ukitaka kuonyesha unakata kona, mshkaji wa nyuma anacheka kwa sababu umewasha wipa.

Kipilefti cha huko ni kinyume, unaingilia kulia na kuzunguka upande ule mwingine, sijui hata tukiite nini. Na kuna sheria moja muhimu ya kurithi kwa Wafaransa: kwenye makutano yasiyo na taa wala kibao, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Hata kama wewe uko barabara kubwa na yeye anatokea kichochoroni! Kwetu anayetoka kichochoroni anasubiri mpaka aonewe huruma. Kule anachomoka bila hata kukutazama, na akikugonga kosa ni lako. Hii ndiyo inayowamaliza wageni. Kibao cha kusimama ni chekundu cha pembe nane kama chetu ila maandishi ni ya Kiarabu, "qif". Aliyepita madrasa atasoma mwenyewe.

Kasi mjini mwisho ni kilomita 60 kwa saa, nje ya mji 100, na kwenye zile barabara kuu za kulipia 120. Trafiki na jandarme wapo na mashine zao za kupimia kasi. Ukikuta vibao vya kupunguza mwendo na kizuizi, simama kabisa mpaka akupungie mkono, usipite kwa kukisia. Faini za kawaida ziko madaraja matatu, 300, 500 na 700 dirham, na ukilipa mapema zinashuka. Dai risiti. Sisi hatukukamatwa, lakini tulisimamishwa mara mbili, wakatazama karatasi, mmoja akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema "Simba!" halafu akanyoosha vidole vinne, kisha vitatu. Basi, nikaondoka kimya.

Katikati ya mji, kusema ukweli, gari ni mzigo. Boulevard Mohammed V yenye yale majengo ya enzi za Wafaransa, soko la kati, mji wa kale karibu na bandari, huko kote ni kwa miguu au tramu. Tramu ilianza Desemba 2012 na tangu Septemba 2024 ziko njia nne. Teksi ndogo nyekundu zina mita na zinabeba watu watatu, sisi tulitosha kabisa. Ukija na gari unatafuta pa kuegesha. Kila mtaa una jamaa mwenye kizibao anayejiita mlinzi wa magari, unampa dirham mbili mpaka tano, usibishane naye, ndiye anayelijua gari lako kuliko wewe. Ila ukingo wa barabara uliopakwa nyekundu na nyeupe usiegeshe hata dakika moja, wanakufunga chuma kwenye tairi.

Gari lilipokuwa na faida ni ufukweni. Tulianzia msikiti wa Hassan II, ulifunguliwa 1993, sehemu yake imejengwa juu ya bahari na mnara wake ni kama mita 200 hivi. Ndani wanaingia watu 25,000 na uwanjani 80,000 wengine. Wasio Waislamu wanaingia kwa ziara za kulipia, saa za swala hapana. Kutoka pale unafuata bahari kwenda magharibi, mnara wa taa wa El Hank, halafu Ain Diab kwenye mahoteli na vijana wa mji wanaotembea jioni kama Coco Beach. Mbele kidogo kuna kaburi la Sidi Abderrahman juu ya mwamba baharini. Zamani ulikuwa unangoja maji yatoke ndiyo uvuke, siku hizi kuna daraja. Watu wanakwenda kutabaruku, wengine kwa waganga. Yaani ungedhani uko Pwani ya kwetu.

Siku ya pili tukashuka mpaka El Jadida, kama kilomita 100. Kuna ngome ya Wareno, waliuita mji Mazagan na wakaushikilia mpaka 1769, UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Ndani kuna tangi la maji la chini ya ardhi, lenye nguzo na tundu moja la mwanga juu, maji kidogo sakafuni yanaakisi dari. Nimefika Fort Jesus Mombasa, ni Wareno wale wale, lakini lile tangi lilinifanya nikae kimya dakika nzima. Hapo kwa teksi isingewezekana kwa uhuru ule, kusimama kila tunapotaka, kula dagaa wa kukaanga kandokando ya barabara. Barabara kuu ina vibanda vya tozo, weka chenji karibu. Na sheli angalia vizuri: "gasoil" ni dizeli, "sans plomb" ni petroli. Ukikosea, ile dhamana ndiyo inaondoka.

Tukarudisha gari Jumanne asubuhi uwanja wa ndege, ambao uko nje ya mji kama kilomita 30, mafuta tumejaza vile vile tulivyoyakuta. Karani mwingine akazunguka gari mara moja tu na kwenda moja kwa moja kwenye rimu ya nyuma kulia. Moja kwa moja! Akasema dirham 1,800. Nikatoa simu, nikamwekea video, tarehe na saa zinaonekana, karani mwenzake anasikika akicheka. Akaitazama mpaka mwisho. Akaandika mkataba umefungwa, hakuna deni, akagonga muhuri. Jina la kampuni silitaji, labda alikuwa na siku mbaya, lakini nina hakika ile rimu imelipwa mara nyingi.

Nikadhani yameisha. Kumbe kampuni ikiachia hela, si kwamba inafika siku ile ile. Wao wanatuma ujumbe kwenye mtandao wa kadi, benki yako inaupokea kwa wakati wake, na kama ujumbe haukukaa sawa, benki inasubiri kizuizi kife chenyewe, siku saba, siku kumi na nne, wakati mwingine thelathini. Nilikwenda kaunta mara nne. Mara ya tatu ndipo dada mmoja akaniuliza kama nina karatasi ya kufunga mkataba, nikaileta ile yenye muhuri, akaipiga picha akaituma makao makuu. Hela ikaonekana siku ya kumi na tisa.

Mama sikumwambia ukweli mwanzoni, nilimwambia bati za geji ile hazipo dukani. Akasema sawa mwanangu, akahamishia unga na jiko la mkaa sebuleni. Siku bati zilipofika Muheza mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Alipozipanga fundi, nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu, "Na hilo gari mlikuwa mnakwenda nalo wapi?"

Basi wadau, mwenye kadi ya mkopo au kampuni inayokubali dhamana ndogo, kodi siku moja au mbili kwa ajili ya ufukwe, na video msisahau. Mwenye kadi kama yangu, hamisha kwanza hela ambayo si yako. Aliyepitia Algiers, Tunis au Alexandria atupie maoni hapo chini, hasa hiyo habari ya benki, mwenzenu alingoja siku ngapi?