Kiswahili kama Nyenzo ya Maandalizi ya Mtihani wa GMAT: Hali ya Mtahiniwa wa Mwabungo

GMAT ni mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya biashara duniani kuteua wanafunzi wa shahada ya uzamili. Hufanywa kwa Kiingereza. Mtahiniwa anayetoka Mwabungo, kijiji cha Wadigo kilichoko kusini mwa Diani, huufikia baada ya kupitia Chidigo cha nyumbani na Kiswahili cha soko na shule. Makala haya yanafafanua jinsi Kiswahili kinavyoweza kumfaa katika maandalizi hayo.

Muundo wa sasa, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2023, una sehemu tatu: hisabati (maswali 21), lugha (maswali 23) na uchanganuzi wa data (maswali 20). Kila sehemu hutengewa dakika 45. Insha na maswali ya kusahihisha sentensi yaliondolewa. Sehemu ya lugha imebaki na ufahamu na uhakiki wa hoja. Hivyo basi, mtahiniwa hupimwa hasa uwezo wa kutambua dai, ithibati na dhana iliyofichika.

Tuchukue mfano huu: "Watalii wameongezeka Diani, kwa hiyo mvuvi wa Mwabungo akinunua mashua ya pili atapata faida zaidi." Hoja hii inachukulia kwamba hoteli hununua samaki wa mvuvi huyo, na kwamba mashua ya pili itapata samaki wa kutosha. Anayejua jinsi kusi linavyowazuia wavuvi wadogo kwenda baharini ataona udhaifu wake mara moja. Ujuzi huu ni wa mantiki, wala haufungwi na lugha moja.

Maandalizi yanaweza kufuata hatua tatu. Kwanza, mtahiniwa achanganue tahariri za Taifa Leo, akitenga dai na ithibati, kama alivyozoezwa katika ufahamu na ufupisho wa shule ya upili. Pili, afanye vivyo hivyo kwa vifungu vya Kiingereza. Tatu, ajipime kwa saa, kwa kuwa kila swali la lugha lina muda usiofika dakika mbili, na maswali yasiyojibiwa hupunguza alama.

Anapokosea, aieleze hoja ileile kwa Kiswahili. Akiipata, tatizo lake ni msamiati wa Kiingereza; akikosa tena, tatizo ni mantiki, na kukariri orodha za maneno hakutamsaidia. Bila utambuzi huo, miezi ya maandalizi na ada ya mtihani huweza kupotea bure.

Ni bayana kwamba Kiswahili hakichukui nafasi ya usomaji wa Kiingereza. Hata hivyo, humwonyesha mtahiniwa mahali hasa anapokwama. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuchangia kwa kuandaa vifungu vya hoja vinavyotokana na biashara za pwani, ili lugha hii itumike pia katika kufundisha kufikiri.