Foleni Imehamia Steshenari

Mkazi wa kisiwa cha Ukara mwenye shida katika ofisi za wilaya huvuka maji hadi Bugolora, kisha hutafuta usafiri wa kumfikisha Nansio. Shida yake ikihitaji ofisi za mkoa, hupanda meli tena, safari ya saa tatu hivi, ndipo afike Mwanza mjini. Hapo kuna nauli, chakula, pengine na malazi, na siku ambazo mtumbwi umelala ufukweni au palizi imesimama. Maji yenyewe nayo si ya kuchezea: Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kwa hiyo anayetaka kujua kama huduma za serikali mtandaoni zimeboresha maisha ya watu wa huku ziwani aanze na safari: zimefutwa ngapi, na za nani? Orodha ya mifumo iliyozinduliwa, hata ikiwa ndefu namna gani, haijibu swali hilo.

Faida zipo, na ni ukosefu wa haki kuzikana. Tangu mwaka 2017, mfumo wa malipo ya serikali wa GePG umetuzoesha kumbukumbu namba ya malipo: unalipa kwa simu au kwa wakala, na fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya serikali bila kupita mkononi mwa karani. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikazitaka taasisi za umma zifuate mkondo huo. Wanaokumbuka dirisha la zamani, na risiti ya mkono, na "njoo kesho", na ile chai isiyonyweka, wanajua kilichoondoka. Kutolazimika kumbembeleza mtu ili upewe haki yako ni sehemu ya ustawi, ingawa haionekani kwenye takwimu za mapato. Mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anayeweza kujihakiki kwa simu janja akiwa nyumbani kwake Magu ameokolewa safari, na kwa mtu wa umri wake hilo ni jambo la afya pia.

Tatizo linaanza pale mwananchi anapokuwa hana simu janja, au anayo lakini hana bando, au ana vyote viwili na fomu haielewi. Huyo huelekezwa steshenari. Katika mitaa ya Mwanza vibanda hivi vimejaa, na ubao wa nje hueleza kila kitu: NIDA, RITA, TIN, mikopo ya elimu ya juu, ajira, pasipoti. Ndani kuna kijana mmoja, kompyuta mbili, printa, na benchi la wateja. Kijana humfungulia mteja barua pepe ambayo mteja mwenyewe hataifungua tena, humtungia nywila na kuiandika nyuma ya karatasi, humjazia fomu, humchapishia namba ya malipo na kumtuma kwa wakala wa jirani. Mtandao ukisumbua, wote husubiri. Foleni ya ofisini imepungua kweli, na sehemu yake kubwa imehamia hapa, ambako inalipiwa. Kwenye hesabu za serikali, muamala huo utaandikwa kuwa mwananchi amejihudumia mwenyewe.

Angalia ombi la mkopo wa elimu ya juu. Mwombaji hulipa ada ya shilingi 30,000, kiwango kinachojulikana na kutangazwa. Lakini cheti chake cha kuzaliwa sharti kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, tena mtandaoni. Akimaliza kujaza fomu, anaichapisha, anaipeleka kwa viongozi wa mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu ipate sahihi na mihuri, kisha anairudisha steshenari iskaniwe na kupakiwa. Kila hatua ya kuchapa, kuskani na kupakia ina bei yake, na bei hizo hazimo kwenye tangazo lolote. Mtoto wa mvuvi anayeomba mkopo kwa sababu kwao hawana fedha huanza kwa kutoa fedha. Tena yeye ana bahati kama majina yake yanafanana kila mahali. Huku Usukumani, mtu anaweza kuwa Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa na Ngwandu kwenye cheti cha kidato cha nne. Mtendaji wa kijiji anayeijua familia hiyo hatatatizika hata kidogo. Mashine inaona watu wawili, na kuwarudisha kuwa mmoja kunahitaji kiapo cha mwanasheria, ambacho nacho kinalipiwa.

Lakini Mwanza hiyohiyo iliwahi kuonyesha njia nyingine. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Sababu kubwa ilikuwa mwendo: tangazo la uzazi hupewa hapa, cheti hufuatwa kule wilayani, na ada juu yake. RITA na wadau wake, UNICEF wakiwamo, walianzisha mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ukaanzia Mbeya mwaka 2013 na kufika Mwanza mwaka uliofuata. Ofisi za watendaji wa kata na vituo vya afya vikapewa kazi ya kusajili na kutoa cheti papo hapo, bila ada. Msajili ndiye aliyeshika simu, na taarifa za mtoto zikapaa kutoka kwenye simu hiyo hadi kanzidata. Mama hakuombwa nywila wala barua pepe. Alikuja kliniki na mtoto mgongoni, kama ambavyo angekuja siku yoyote, akaondoka na cheti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma ya mtandao iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingi zilizofuata, na siri yake haikuwa teknolojia, kwa sababu simu ya kawaida kabisa ilitosha. Ofisi ilikubali kuubeba yenyewe mzigo wa mashine.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya mpito, kwamba kizazi cha simu kikikua yataisha yenyewe. Sioni hivyo. Wanaojaa steshenari msimu wa mikopo ni vijana wa kidato cha sita, kizazi hichohicho cha simu, na kinachowakwamisha ni skana, mihuri na lugha ya fomu. Isitoshe, mtandao wenyewe haujawahi kuwa wa kuaminika moja kwa moja. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi ikayumba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Ofisi iliyofunga dirisha la karatasi haina la kumwambia mtu siku kama hizo.

Wengine watauliza kwa nini tuwaandame vijana wa steshenari, wakati kazi hiyo inawalisha. Hakuna anayewaandama; bila wao, maelfu wangekuwa nje ya mfumo. Ila wamebeba kazi ya umma bila mafunzo, bila bei elekezi, wakiwa na nywila na namba za vitambulisho vya NIDA za mtaa mzima kwenye madaftari yao, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Rwanda iliwatambua mawakala wa Irembo, mfumo wake wa huduma za serikali mtandaoni, wakawa sehemu ya huduma. Kenya ilifungua vituo vya Huduma, na kile cha Kisumu, ng'ambo ya ziwa hilihili, humkutanisha mwananchi na mtumishi wa serikali aliyekaa mbele ya kompyuta. Posta yetu nayo imeanzisha Huduma Pamoja, wazo zuri, ingawa posta haziko mialoni.

Limebaki pingamizi la gharama: serikali itapata wapi fedha za kuweka mtu na mashine katika kila kata? Anayeuliza hivyo apite mwalo wowote alfajiri, dagaa wanaposhushwa. Atamkuta mtoza ushuru wa halmashauri na mashine ya POS mkononi, ina chaji, ina bando, na inatoa risiti.