Kimya cha Mafua Mwaka 2020

Kwa Kiswahili neno mafua hukusanya maradhi mengi chini ya jina moja. Lakini virusi viyaletavyo havina tabia moja, na jambo hilo lilidhihirika Uviko-19 ulipoenea. Watu walikaa majumbani, wakavaa barakoa, na safari zikakatizwa. Katika Australia, Chile na Afrika Kusini, Aprili hadi Julai 2020, sampuli 83,307 zilipimwa, na virusi vya influenza vikaonekana katika 51 tu, ingawa hayo ndiyo majira yake. Aina ya B iitwayo Yamagata haijathibitishwa tena tangu Machi 2020. Virusi vya rino, visivyo na utando wa mafuta uyeyushwao na sabuni, viliendelea kuzunguka. Navyo virusi vya RSV, viwadhuruvyo hasa watoto wachanga, vilitoweka Australia majira ya baridi, vikarudi wakati wa joto, kwani watoto wengi hawakuwa wamejenga kinga. Hivyo hospitali iliyofuata kalenda ilikutwa haijajiandaa. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.