Walioachwa na Kampuni Wakafungua Duka Lao

Mimi ni mtu wa muziki wa dansi. Haya mambo ya kufokafoka huwa nayasikia yakipita dirishani tu. Lakini juma lililopita kijana wa jirani yangu, naye mfokaji, aliniuliza: kwa nini msanii anasikika redio zote na bado anaomba nauli? Nikamjibu kwa kisa cha vijana wa Oakland, California, huko Marekani.

Walikuwa wanne: A-Plus, Opio, Phesto na Tajai. Kundi lao liliitwa Souls of Mischief, nalo lilikuwa ndani ya umoja mkubwa zaidi, Hieroglyphics, alimokuwamo pia Del, binamu yake Ice Cube. Mwaka 1993 kampuni ya Jive ilitoa albamu yao ya kwanza, 93 'til Infinity. Wimbo wenye jina hilo A-Plus aliutengeneza kwa kukata kipande cha muziki wa Billy Cobham, mpiga ngoma wa jazi, na kukizungusha. Nimeusikiliza. Umetulia kama jioni ya Jumapili, hata sikio la mzee linaukubali.

Albamu ya pili ilitoka 1995. Baada ya hapo Jive ikaachana nao. Mwenzao Casual naye akawa nje, na Del akaachwa na kampuni ya Elektra. Mtu angesema basi, habari yao imekwisha.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana. Fedha anayopewa msanii siku ya kutia saini si zawadi, ni arbuni, na hukatwa kwenye mrabaha wake. Tuseme, kwa mfano tu, umepewa dola 100,000 na mrabaha wako ni dola 1 kwa kila nakala. Utauza nakala 100,000 usione senti nyingine, maana deni kwanza. Gharama za studio nazo mara nyingi huingizwa humo humo. Wakati huo kampuni inaweza kuwa imekwishapata faida yake, na ile kanda ya asili iliyorekodiwa huwa mali yake. Anayejiuzia mwenyewe, akibakiwa na dola 5 kwa nakala baada ya gharama zote, anahitaji wanunuzi 20,000 tu kufikia fedha ile ile.

Vijana wa Oakland waliipiga hesabu hiyo. Walianzisha kampuni yao, Hieroglyphics Imperium, wakauza kanda wenyewe, na walikuwa miongoni mwa wafokaji wa mwanzo kuuzia mashabiki kwa njia ya intaneti. Mwaka 1998 wakatoa albamu ya umoja wote, 3rd Eye Vision. Nembo yao, uso wenye macho matatu aliouchora Del, ikawa inavaliwa kwenye fulana.

Lakini tusidanganyane. Walipofungua duka hilo, wateja walikuwa wanawajua tayari, na umaarufu huo uligharimiwa kwa sehemu kubwa na kampuni zile zile zilizowaacha. Asiyejulikana hata mtaa wa pili hana njia nyepesi hiyo. Na hawakuwa matajiri wa kutajwa. Sauti ya Del ilienea dunia nzima mwaka 2001 katika wimbo Clint Eastwood, ambao ni wa kundi la Gorillaz, si wao. Hata hivyo duka halikufungwa, na mwaka 2012 walianzisha tamasha lao huko huko Oakland, Hiero Day.

Kijana alinisikiliza kimya, kisha akatoa karatasi mfukoni. Kumbe mkataba anao, kurasa nane za Kiingereza, na anatakiwa autie saini mwisho wa mwezi. Tukaanza kuusoma pamoja, neno kwa neno. Tulipofika ukurasa wa tatu, penye habari ya mwenye kanda ya asili, umeme ukakatika. Nimemwambia arudi kesho, aje na penseli. Kalamu ya wino aiache nyumbani.