Kesi za lotoko: siku kumi zinazoweza kupunguza kifungo

Mtu akikamatwa Bunia na madumu ya lotoko kisha akahukumiwa, familia huanza na hesabu ya pesa: amende ni ngapi, nani atakopesha. Lakini kuna hesabu nyingine inayoanza siku jaji anaposoma hukumu. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959 inampa aliyehukumiwa akiwa mbele ya korti siku kumi tu za kukata rufaa. Zikipita, mlango umefungwa.

Rufaa inaweza kubadili nini katika kesi ndogo ya pombe? Kwa majirani jibu linaonekana wazi. Nchini Kenya, majaji wa Mahakama Kuu wamepunguza vifungo vya wauza chang'aa, na si kwa huruma peke yake. Wanafuata kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1954: jaji wa rufaa haigusi adhabu eti kwa kuwa yeye angetoa nyingine. Anaigusa ikiwa wa kwanza alisahau jambo la maana, alifuata msingi usio sawa, au alipitisha kipimo. Mambo yanayosahauliwa ni ya kawaida: ni kosa la kwanza, mama alikubali kosa bila kusumbua korti, pombe yenyewe ni lita chache. Tena kuna kifungu cha 28 cha sheria ya adhabu ya huko. Kinasema kifungo cha aliyeshindwa kulipa faini hakipiti miezi 12, isipokuwa sheria nyingine iseme vingine wazi. Hakimu akiandika miaka miwili, jaji wa juu anaikata.

Congo nayo ina vipimo vyake, na hapa ni vikali zaidi kwa upande wa korti. Kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 12, inasema kifungo cha badala ya amende hakizidi kamwe miezi sita. Kifungu cha 18 kinamruhusu jaji kupunguza kifungo na amende akiona sababu za kupunguza uzito wa kosa, na cha 19 kinamtaka azitaje sababu hizo katika hukumu. Avoka mzuri huanzia hapo kusoma.

Hukumu ya Tribunal de paix, ile watu wanaita Tripaix, inapelekwa mbele ya Tribunal de grande instance. Njia ni fupi: kutoa tangazo la rufaa kwa grefye. Wengi huogopa kwamba adhabu itaongezeka. Ikiwa ni aliyehukumiwa peke yake aliyekata rufaa, haiongezwi. Parquet ikikata nayo, inaweza kupanda.

Hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, kesi za jinai zilihamishiwa kwa korti za kijeshi. Hata hapo, kifungu cha 156 cha Katiba kilibaki: rais anaweza kusimamisha kazi ya korti za kiraia katika kesi za jinai, lakini hawezi kusimamisha haki ya rufaa.

Marufuku yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa na wenzao walitia sahihi mkataba uliokataza kutengeneza pombe kali ya kuchemshwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Wapishi wa pombe hawakuulizwa. Baada ya uhuru, Uganda iliweka sheria yake ya enguli mwaka 1965, Tanzania ya moshi mwaka 1966. Sababu ya afya ipo kweli, maana pombe iliyochemshwa vibaya inapofua macho na inaua. Jaji anayepunguza kifungo hasemi kwamba lotoko ni salama. Anapima tu adhabu na kosa.

Kwa aliyekwisha kupitwa na siku kumi, na aliye ndani kwa sababu ya amende peke yake, kifungu cha 12 kinaacha nafasi moja: anaweza kutoka siku yoyote atakapoilipa.