Vigawo: Mtoto Atajuaje Kuwa Amemaliza?

Mwambie mwanafunzi wa shule ya msingi ataje vigawo vya 36. Mara nyingi ataanza vizuri na 1, 2, 3, kisha atarukia 12, atakumbuka 6, atasahau 9, halafu atamtazama mwalimu ili aambiwe kama amemaliza. Kugawanya anajua. Asichojua ni mahali pa kukomea.

Njia nzuri ni kutafuta vigawo viwili viwili. Mpe vizibo 36 vya soda avipange katika safu zilizo sawa, pasibaki hata kimoja. Atapata safu 1 ya vizibo 36, safu 2 za 18, safu 3 za 12 na safu 4 za 9. Safu 5 zitamkatalia, kwa kuwa kizibo kimoja hubaki. Safu 6 za vizibo 6 hutoa mraba. Akiendelea hadi safu 9, kila moja itakuwa na vizibo 4: mstatili uleule wa awali, umegeuzwa tu. Baada ya mraba hakuna jipya, na hilo ataliona mwenyewe.

Namba isiyofanya mraba nayo ina kikomo. Chukua 84. Tunajua 9 mara 9 ni 81, na 10 mara 10 ni 100. Vigawo viwili vikizidi 9 vyote, zao lake litafika 100 au zaidi. Basi inatosha kujaribu 1 hadi 9: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12. Vigawo ni 12, wala hakuna kilichosahaulika.

Kanuni za mkato nazo zifundishwe pamoja na sababu zake. Tunajua 84 inagawanyika kwa 3 kwa sababu 8 jumlisha 4 ni 12. Kwa nini? Kila kumi ni tisa na moja. Ondoa tisa katika makumi yote manane. Zinabaki moja nane, pamoja na zile 4. Tisa zote zinagawanyika kwa 3, hivyo 12 ndiyo inayoamua.

Namba kama 7 na 13 hukubali mstari mmoja tu wa vizibo. Hizo ni namba tasa, nazo zina kazi kubwa. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa RSA wa kulinda siri. Nguvu yake ni hii: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini kurudi nyuma kutoka kwenye zao hadi vigawo ni kazi nzito mno, hata kwa kompyuta.

Walimu na wazazi, mtoto akileta orodha ya vigawo, msikimbilie kuweka alama ya vema. Mwulizeni kwanza: umejuaje kuwa vimekwisha? Akiweza kujibu, ameanza kufikiri kihisabati.